Nguruzi Iliyonila Msimu

Vijana wanne walikuwa wakitosha kuivuta boti yangu kutoka majini hadi juu ya mchanga. Januari ya mwaka jana waliitana wakawa sita, wakavuta kwa wimbo, na walipofika juu mmoja akanigeukia: "Bosi, leo umepakia mawe?" Nikacheka. Ndani hamkuwa na kitu ila nanga, kamba na makasia mawili. Nikampa kila mmoja chake, nikaenda zangu kula.

Kicheko kile kilinigharimu shilingi 39,500 na karibu miezi mitatu bila kazi. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye boti ndogo ya faiba ambaye hajawahi kuinama akautazama mrija wa shaba ulioko nyuma, pale pa kutolea maji panapozibwa kwa nguruzi. Mimi nilikuwa na boti miaka minne bila kuutazama.

Boti yenyewe ni ya futi 13, na nafanya nayo kazi ndani ya mkono wa bahari wa Kilifi: wageni wa kutazama ndege asubuhi, wa kuzunguka mikoko jioni, na usiku wa giza wale wanaotaka kuona maji yanavyowaka ukiyachezea kwa mkono. Imejengwa kwa maganda mawili ya faiba, la ndani na la nje, na katikati pamejazwa povu gumu. Muundo huo ulipata jina Marekani mwaka 1958, Dick Fisher alipoanza kuuza Boston Whaler ya futi 13. Mwaka 1961 jarida la Life lilichapa picha zake akiwa ameketi ndani ya boti huku inakatwa kwa msumeno katikati, na vipande vyote viwili vikabaki juu ya maji. Yangu si Whaler. Ni ya muundo uleule, ikaundwa kwingine, ikapitia mikono ya watu watatu kabla ya kunifikia. Aliyeniuzia alinihadithia habari za ule msumeno na kuapa kwamba boti ya namna hii haizami, na kweli haizami. Asichoniambia ni kwamba inaweza kunywa.

Tundu la kutolea maji kwenye boti kama hii halipiti kwenye ubao mmoja kama la mashua. Linaanzia sakafuni ndani, linapita ganda la kwanza, povu, mbao zilizofichwa nyuma pale injini inaposhikilia, kisha linatokea ganda la nje. Ili maji yasiingie humo katikati, tundu huvishwa mrija mwembamba wa shaba ya njano, ile mafundi wanayoiita brasi. Wangu una upana wa inchi moja. Ncha zote mbili hupanuliwa midomo kwa nje ili zikumbatie ganda, na chini ya mdomo hukaa oringi, yaani pete ya mpira. Ukiutoboa mrija huo, hata kwa tundu la sindano, umeifungulia bahari mlango wa kuingia kwenye povu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mahali pa kuweka kizibo. Nilitumia kile cha mpira chenye kikono, unachokisukuma ndani kisha unalaza kikono nao mpira unatanuka. Nilikitia upande wa ndani, miguuni pangu, kwa sababu ni rahisi kukifikia. Sasa fikiri: kizibo kiko ndani, basi mrija wote nyuma yake umejaa maji ya bahari tangu unaposhusha boti mpaka unapoipandisha. Mrija ukiwa na ufa, maji hayaji sakafuni ukayaona. Yanaenda pembeni, kwenye povu, kimya. Miaka yote minne sakafu yangu ilikuwa kavu, nami nikijisifu mbele za watu kuwa boti yangu haivuji.

Dalili nyingine nilikuwa nazo mbele ya macho. Tezi, upande wa nyuma, ilikuwa ikikaa chini kuliko zamani, injini ikichelewa kuinyanyua omo, upande wa mbele. Boti ikilala nchi kavu, kesho yake mchanga chini ya tundu ulikuwa bado umelowa ilhali mwingine wote umekauka. Nikadhani ni umande. Ikaja Februari, ikaja Machi, wageni wengi, kaskazi nzuri, na mwenye kazi nzuri haulizi maswali.

Aliyeniuliza ni ami yangu, fundi wa mashua wa Takaungu, ambaye sasa hashiki tena tezo ila mdomo wake bado unachonga. Alikuja kunitembelea baada ya Pasaka.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nguruzi yako i wapi?"

Nikamwonyesha kizibo cha mpira. Akakitoa, akatia kidole cha shahada ndani ya mrija, akakizungusha taratibu kama anayelamba asali chunguni. Kilipotoka kilikuwa na unga wa rangi ya waridi. Akanionyesha kidole, kisha akakipangusa kwenye shati langu.

"Shaba hii imekufa, mwanangu. Hiki ulichonacho ni kivuli chake."

Baadaye nilielewa alichokiona. Brasi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ikikaa kwenye maji ya chumvi kwa miaka, zinki hutoka kidogo kidogo, na kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vitundu visivyoonekana, mfano wa sponji. Umbo la mrija linabaki vilevile, ndiyo maana macho hayashtuki. Rangi ndiyo inayosema: njano ni uzima, waridi ni maradhi. Ukigusa waridi kwa ncha ya msumari na ikamomonyoka, hakuna la kujadili. Na kizibo changu cha kutanuka kilikuwa kimemalizia kazi, maana kila nilipokikaza kilisukuma kuta za mrija ambao haukuwa na nguvu tena. Tulimulika kwa tochi tukaona ufa wa urefu wa ukucha.

Tukangoja bamvua, maji yanapojaa sana, ili tuipandishe juu kabisa, vijana sita tena, na mimi nikaingia kosa la pili: nilianza kazi ya kukausha boti mwishoni mwa Aprili. Mtu yeyote wa pwani anajua masika inavyokuwa Mei. Kama ningemsikiliza yule kijana wa mawe Januari, ningekuwa na wiki nane za jua na upepo mkavu. Badala yake nilinunua turubai la shilingi 2,800, na nikawa naamka usiku kila ngurumo inapopiga kwenda kutazama kama upepo umelifunua.

Kuutoa mrija wa zamani nilitaka kufanya kwa nguvu. Nilitia kipande cha bomba upande wa ndani nikapiga kwa nyundo. Mdomo wa nje ulikuwa bado umeshika, na badala ya mrija kutoka, ganda la faiba likabanduka kipande ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Nilikaa chini nikalitazama jeraha lile nikatamani kulia, kwa kweli. Njia iliyofaa ilikuwa hii: usage mdomo wa upande mmoja kwa tupa, au kwa grenda ndogo ukiwa na mkono mtulivu, mpaka ubaki mrija mtupu usio na ukingo. Kisha ingiza jino la msumeno wa chuma ndani ya mrija, ulikate ukuta wake kwa urefu mstari mmoja bila kugusa faiba, na uukunje kwa ndani kwa bisibisi. Ukishajikunja unatoka kwa vidole. Wangu hatimaye ulitoka hivyo, ukiwa vipande vitatu, na nyuma yake yakafuata maji. Hayakumwagika. Yalidondoka tone, tone, rangi ya chai ya rangi, siku mbili mchana na usiku. Nikaweka kopo chini. Nilipata lita nne na kitu, na hayo ni yale yaliyokubali kutoka.

Povu la namna hii limeundwa kwa vijumba vilivyofungwa, kwa hiyo halilowi mara moja kama godoro, na lililolowa halikauki upesi pia. Niliambiwa na kila mtu dawa yake: weka chumvi, weka feni, acha mpaka Desemba. Kilichonisaidia ni kutafuta mpaka wa unyevu. Nilipinda bisibisi kuukuu ncha ikawa kama kulabu, nikawa nalikwangua povu kupitia tundu lenyewe, duara, nikilibana kila kipande kwa vidole. Lililotoa maji lilitoka. Nilipofika upana wa kiganja pande zote, vipande vikaanza kutoka vikavu. Bahati yangu ilikuwa hapo. Kuna boti ambazo ukikwangua hufikii mwisho, na hizo hesabu yake ni nyingine. Mbao za nyuma nilizichoma kwa msharasi. Upande mmoja palikuwa peusi kidogo lakini pagumu, nikapakwangua mpaka nikaona rangi ya mti. Msharasi ukizama kama kwenye ndizi mbivu, usiendelee na mrija. Mwite fundi wa mbao kwanza, maana injini yako imening'inia hapo.

Kisha kukausha. Omo juu, tezi chini, tundu wazi, balbu ya joto ya kulelea vifaranga imening'inizwa nusu mita kutoka hapo mchana wote nilipokuwepo. Usiiache ikiwaka peke yake. Povu hili likishika moto moshi wake ni sumu. Nilipima kwa njia ya kienyeji: naziba tundu kwa mfuko wa nailoni safi na gundi ya karatasi jioni, asubuhi natazama kama ndani ya nailoni kuna jasho. Siku ya 10 palikuwa na jasho. Siku ya 20 pia. Siku ya 33 nailoni ilikuwa kavu, nikangoja siku tano nyingine kwa sababu sikuamini.

Sasa epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayogumu kama jiwe. Nia ilikuwa kuujaza ule uwazi niliokwangua ili mrija mpya uzungukwe na kitu kigumu kisichonywa maji, siyo povu tena wala mbao uchi. Hilo ni jambo ambalo hata kama mrija wako haujaoza ningekushauri ufanye siku ukiubadilisha, kwa kuwa siku mrija wa pili utakapotoboka, na utatoboka, maji yatakuta ukuta. Nilichanganya rezini na kigumishi, nikatia unga wa silika na nyuzi fupi za faiba mpaka ikawa kama siagi ya karanga, na nikachanganya yote kwa mpigo kwenye kopo la maziwa. Ilikuwa saa saba mchana. Dakika chache baadaye kopo likawa la moto mkononi, likaanza kutoa moshi, na siagi yangu ikawa jiwe lililosimamia kijiti. Epoksi inapogumu hutoa joto, na joto hilo huharakisha ugumu wenyewe. Ukiirundika pamoja penye joto la pwani inajipika. Changanya kidogo, kiasi cha vijiko vitano au sita, kwenye chombo bapa, asubuhi mapema au baada ya magharibi, na ujaze kwa tabaka. Nilijaza mara nne kwa siku mbili. Mbao nilizitangulizia epoksi nyepesi isiyo na unga, nikaacha zinywe, kisha ndiyo nikafuata na ile nzito.

Ami alikuja kutazama kila Ijumaa baada ya sala. Hakuingilia. Aliketi juu ya gogo, akanipa habari za misiba na harusi, na kila alipoondoka alikuwa akisema neno moja kuhusu kazi. Ijumaa ile alisema: "Umeziba vizuri. Sasa utatoboa tena?" Nikamweleza kwamba ndiyo, natoboa katikati ya epoksi. Akatikisa kichwa akaondoka, akiona wazimu. Lakini akiba ya mistari niliyokuwa nimeichora pande zote mbili kabla ya kuziba ndiyo iliyonipa katikati ya tundu. Asiyeichora atatoboa kwa kubahatisha, na mrija ukilala mshazari midomo yake haitakaa sawa juu ya ganda. Nilitumia msumeno wa duara wa milimita 26, nikatoboa kutoka nje mpaka nusu, kisha kutoka ndani nikakutana nayo.

Mrija wenyewe sikuupata Mombasa. Bomba za shaba nyekundu za mafundi wa maji zipo, za plastiki zipo, na wapo wanaoweka plastiki wakaishi nayo kwa raha. Mimi nilitaka brasi nyembamba ya inchi moja iliyokwisha kupanuliwa mdomo mmoja kiwandani, kwa vile kazi ya mdomo mmoja inatosha kunitoa jasho. Binamu yangu aliyeko Marekani akaninunulia na kumpa mtu anayekuja. Mmoja. Shilingi 6,500 na usafiri wake. Kwa nini mmoja? Kwa sababu ya ubahili, na kwa sababu nilikuwa nimetazama video ambayo mzungu mmoja alipanua mdomo kwa nyundo ya kichwa cha mviringo kwa muda wa kumeza mate.

Nikauingiza mrija, nikaupima, nikaukata ukabaki umechomoza milimita 10 nje ya ganda. Nilifikiri ukibaki mrefu utakumbatia zaidi. Nikaanza kugonga, tok, tok, tok, na mdomo ukaanza kufunguka vizuri, nikafurahi, nikaongeza mkono. Kulisikika mlio mdogo, kama kuvunja ukucha. Ufa. Nikageuza nyundo upande wa pili kuusawazisha, ufa wa pili. Mwishowe mrija wangu ulikuwa na mdomo wa ua, petali tatu, na zile nyufa zilikuwa zimeshuka mpaka usawa wa faiba.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda nikaketi kwenye mikoko mpaka maji yakajaa.

Ijumaa ami aliuona kabla sijauficha. Akauchukua, akaugeuza juani.

"Uliupasha moto?"

"Hapana, ami."

"Na ukingo uliupiga tupa?"

"Hapana."

"Msumari wa mashua tunaukunja ncha ukiwa na nyundo ndogo na subira kubwa, na ule ni chuma. Huu ni mwembamba kama karatasi nawe umeupiga kama unayeua nyoka. Mdomo wa zumari haufunguliwi hivyo."

Tangu siku hiyo nauita mdomo wa zumari, na picha hiyo ndiyo sahihi: kuta za mrija zinatakiwa zitanuke kwa mviringo mpole kwenda nje, zisivunjike kona.

Makosa yalikuwa matatu kwa pamoja. Urefu, kwanza. Kadiri ukingo ulivyo mrefu ndivyo unavyolazimika kutanuka zaidi ili ulale chini, na chuma kina kikomo cha kutanuka. Milimita 5 juu ya ganda zinatosha, oringi ikiwa imekwisha kuwekwa mahali pake wakati unapima. Ukipima bila oringi utakuja kukosa zile milimita mbili za kukumbatia. Pili, nilikata kwa msumeno nikaacha vimeno kwenye ukingo. Kila kimeno ni mwanzo wa ufa. Ukingo usuguliwe kwa tupa laini, kisha msasa, ndani na nje, mpaka ukiupitisha juu ya ulimi hausikii kitu (mimi nilitumia kidole, ulimi ni maneno ya ami). Tatu, brasi hutoka kiwandani ikiwa ngumu. Ili ikubali kunyumbuka inabidi ilainishwe kwa moto.

Niliagiza miwili mara hii, shilingi 11,000. Nikangoja wiki tatu nyingine. Wakati nangoja nilikwenda Changamwe kwa fundi wa kukereza vyuma nikamchorea nilichokitaka, naye akanikerezea kwa shilingi 3,500: kipande cha chuma chenye pua inayoingia ndani ya mrija bila kuchezacheza, kisha pua hiyo inapanda kwa mkunjo wa mviringo mpaka inakuwa bega pana, na kipande cha pili chenye kikombe cha kuupokea ule mdomo wa kiwandani upande wa pili usisagike. Vyote viwili vina tundu katikati la kupitisha bolti ndefu ya milimita 12. Ukikaza nati, bega linasukumwa kwenye ukingo wa mrija na ukingo unachanuka wenyewe pande zote kwa kiasi kimoja. Hakuna nyundo. Wanaokosa fundi wa kukereza nimeona wakitumia ile mpira ya chuma ya kuvutia trela, wakiitoboa katikati na kupitisha bolti. Nayo inafanya kazi, ila pua ya kuuweka mrija katikati haipo, basi jicho lako ndilo pua.

Kulainisha nilifanya nikiwa mbali na boti, chini ya mwembe, penye kivuli, kwa tochi ya gesi niliyoazima kwa fundi wa friji. Kivuli ni muhimu: rangi unayoitafuta ni wekundu hafifu, na juani huioni, utapitiliza mpaka shaba iyeyuke mikononi mwako. Nilipasha sentimita mbili za mwisho tu, nikiuzungusha mrija kwenye koleo, ulipoona haya nikaondoa moto na kuuacha upoe wenyewe. Kuutosa majini pia hakuudhuru, brasi si chuma cha kisu. Kwanza nilijaribia kile kipande nilichokikata kwenye mrija ulioharibika. Kabla ya moto hakikukubali kidole. Baada ya moto nilikibonyeza kwa koleo kikalainika kama bati la kopo. Hapo ndipo nilipoelewa mwezi wangu ulikokwenda.

Usifanye moto huo mrija ukiwa tayari kwenye boti. Mtu mmoja aliniuliza, ndiyo maana nasema.

Siku ya kuuweka, ami alikuja Jumanne, kinyume cha desturi. Nilipaka gundi ya Sikaflex ya baharini kuzunguka tundu pande zote na juu ya mrija, nikausukuma kwa kuuzungusha ili gundi ienee, mdomo wa kiwandani ukalala nje juu ya oringi yake. Ndani nikaweka oringi ya pili. Silikoni ya bafuni usiiguse hapa. Haishiki vizuri, na ikishapakwa hakuna kingine kitakachoshika juu yake. Nikatia kifaa, nikapaka grisi kwenye bega, nikaanza kukaza nati. Robo mzunguko, nasimama, natazama. Robo nyingine. Ami alikuwa ameinama upande wa nje ameshika spana ya pili, akisema "bado", "bado", "bado". Mkono wangu ulitaka kuongeza. Mdomo ulichanuka, ukaigusa oringi, oringi ikajaa chini yake bila kuchomoza. "Basi!" Nilikuwa bado na nguvu ya kukaza, na ndiyo maana alipaza sauti. Ukikaza mpaka oringi itokeze pembeni umeikata, na faiba iliyoko chini inaweza kupasuka.

Kazi yote ya mdomo ilichukua dakika 15 hivi.

Tuliiacha gundi wiki nzima. Kisha nikaziba mrija upande wa nje, nikamwaga ndoo mbili za maji sakafuni, nikapangusa nje pakavu kabisa na kubandika karatasi ya gazeti kuzunguka mdomo. Usiku mmoja, gazeti kavu. Nikageuza: nikaziba ndani, nikaujaza mrija maji kutoka nje huku omo imeshushwa chini ya tezi, usiku wa pili. Gazeti kavu. Hili jaribio la pili ndilo lenyewe, kwa sababu ndilo linalofanana na boti ikiwa majini na kizibo kikiwa ndani kama nilivyokuwa nikiweka. Siku hizi kizibo naweka nje. Nalowa mikono na mara moja nimesahau kukitia, nikaona maji yakija miguuni, na nilifurahi kuyaona huko kuliko nisipoyaona. Boti ikipanda, kizibo hutoka, mrija husuuzwa kwa maji baridi, na kila mwezi kidole changu huzunguka ndani yake.

Tuliishusha bamvua ya mwisho wa Julai. Kusi ilikuwa bado inavuma lakini ndani ya mkono wa bahari palitulia. Vijana walijipanga sita kwa mazoea, wakanyanyua, nusura waanguke mbele kwa wepesi wake. Wawili wakarudi kukaa kivulini, na pesa yao nikawapa.

Tulizunguka mpaka chini ya daraja na kurudi. Tezi ilikuwa juu, omo ikapanda mara tu nilipoongeza injini. Ami alikuwa ameketi nyuma karibu na kile kisima cha injini, amelaza mkono ukingoni, na nilidhani anafurahia upepo. Tulipofika pwani akaniita.

"Hili tundu dogo la hapa, la kutolea maji ya injini. Nalo lina mrija?"

"Lina, ami."

Akatoa kidole, akaninyooshea. Kilikuwa cha waridi.

Mrija mmoja umebaki kabatini, umefungwa kwenye gazeti pamoja na kile kifaa. Nimeipangia boti kupanda Januari.